Kuta za Dinas Brân hazitawaangukia, angalieni miguu

SWALI: "Assalam alaykum kaka. Sisi tunaishi Birmingham, kwetu Tanga. Nina watoto wawili, wa miaka 11 na 6, wamesomeshwa habari za ngome shuleni na sasa hawanipi usingizi, wanataka ile ngome iliyobomoka juu ya mlima kule Llangollen, Wales, inaitwa Dinas Brân. Nimeangalia picha nikaogopa. Kuta zimebaki vipande vipande zinaonekana zitaanguka saa yoyote, hakuna mlinzi, hakuna geti, hakuna tiketi. Mume wangu anasema zimesimama miaka mia saba hazitaanguka siku tunayokwenda sisi. Mama yangu yupo hapa kututembelea mpaka mwezi wa tisa, magoti yanamsumbua, na yeye ndo hataki kabisa, anasema magofu yana wenyewe, mtapeleka watoto warudi na mambo. Naomba nieleze kitaalamu, ni salama au si salama? Inaruhusiwa kuingia tu hivi hivi? Mama nimuache nyumbani au kuna namna? Na huyu mkubwa anataka kurudi na jiwe la kuweka chumbani kwake."

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, na mama mpe shikamoo yangu. Naanza na jibu kabisa maana mwenye watoto wawili hana muda wa kuzungushwa: nendeni. Chagueni siku kavu, vaeni viatu vyenye meno, huyo wa miaka sita akifika juu awe mkononi mwa mtu mzima, na inshallah mtarudi salama. Mama kwa magoti hayo asipande, ila nyumbani msimuache, nitakueleza huko mbele. Jiwe hapana. Haya sasa tukae tuzungumze.

Mimi kazi yangu ni mawe na chokaa, hizi kuta za kale za huku Uingereza na Wales ndo zinanilisha, na swali lako naulizwa sana na watu wetu. Kila mtu anatazama juu. Hofu yote iko juu, jiwe litashuka, ukuta utalala. Kumbe kwa ninavyoona mimi kwenye magofu ya mlimani mtu anaumizwa na kilicho chini yake: nyasi mbichi zenye utelezi, jiwe lililolegea kwenye njia, ukingo ambao nyasi zimeufunika mtu akadhani ni tambarare, na giza lililomkuta bado yuko juu anapiga picha. Ukuta wenyewe una sababu nyingi zaidi za kukuogopa wewe.

Mumeo ana haki nusu. Ukuta uliosimama miaka mia saba kweli hauanguki kwa vile nyinyi mmekwenda Jumamosi. Lakini anahesabu uliobaki tu, ulioanguka haupo kwenye picha. Dinas Brân ilikuwa ngome kamili, ua mrefu uliozungushiwa ukuta, nyumba ya lango yenye minara miwili, mnara mkuu jirani yake, ukumbi wenye madirisha upande wa kusini, na mnara mwingine uliotokeza nje ukiwa umeviringa mbele. Vyote hivyo leo ni mabaki, na haikuwa siku moja vikaanguka vyote kwa kishindo. Vilimomonyoka. Jiwe hili mwaka huu, yale matatu baada ya baridi kali, kipande kizima baada ya miaka mingi ya hayo mawili matatu. Kwa hiyo swali zuri sio kama ukuta utaanguka, swali zuri ni jiwe linadondoka wakati gani na linadondokea wapi, na hilo lina majibu.

Ukuta wa zama zile haukujengwa kwa mawe makubwa matupu kutoka uso mpaka uso. Fundi alikuwa anapandisha nyuso mbili za mawe yaliyopangwa vizuri, moja nje moja ndani, halafu katikati anajaza kifusi, mawe madogo madogo na vipande, na chokaa ya kutosha. Chokaa yenyewe ni mawe ya chokaa yaliyochomwa kwenye tanuri, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga. Haikauki kama saruji, inakuwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ukaa kutoka nje, na ndani ya ukuta mnene hilo linaweza kuchukua miaka. Na hata ikishakomaa bado ni laini kuliko jiwe. Huo sio udhaifu, ndo uzuri wake, ukuta ukicheza kidogo chokaa inacheza nao, na unyevu unapata njia ya kutoka. Wale waliokuja baadaye wakaziba nyufa za majengo ya kale kwa saruji walidhani wanasaidia, maji yakafungiwa ndani, jiwe likaanza kupasuka badala ya kiungo. Sasa hivi sehemu nyingi kazi yetu ni kung'oa saruji ya mababu wa juzi turudishe chokaa ya mababu wa zamani, kazi ya kuchosha hiyo nakwambia.

Ukuta wa namna hii ukiwa na paa juu yake unaishi karibu milele. Paa likiondoka ndo mkasa unaanza, maana sehemu ya juu kabisa ya ukuta haikukusudiwa kunyeshewa. Maji yanaingia kwenye kile kifusi cha katikati, yanasomba chokaa kidogo kidogo, yanaacha mapango ndani wakati kwa nje bado uso unaonekana mzuri. Halafu inakuja baridi. Maji yakiganda yanavimba, ujazo unaongezeka kama asilimia 9 hivi, na yakivimbia ndani ya ufa yanasukuma mawe pande zote. Asubuhi jua likitoka ile barafu inayeyuka, na jiwe ambalo usiku lilikuwa limeshikwa na barafu sasa halijashikwa na kitu. Usiku wa pili tena hivyo hivyo, baridi nzima, miaka na miaka. Ndo maana nikikuta mawe mapya chini ya ukuta nayakuta mara nyingi mwishoni mwa baridi, asubuhi ambayo barafu imeachia, au baada ya mvua ya siku kadhaa mfululizo. Mwezi wa nane siku kavu hatari hiyo iko chini sana. Haijafika sifuri, lakini iko chini.

Kuna kitu kingine utakiona kwa macho yako ukishajua. Angalia sehemu za chini za kuta nyingi, kimo cha mtu na kidogo zaidi, zimetafunwa, mawe ya uso hayapo, kimebaki kifusi cha ndani kinaonekana wazi. Hiyo mara nyingi ni mikono ya watu. Ngome ikishaachwa inageuka duka la mawe la bure, wakulima wanashuka nayo kujengea ua wa kondoo, zizi, nyumba, na mtu akiiba jiwe anaanza na lile zuri lililonyooka analolifikia bila ngazi. Ukuta unabaki mwembamba chini mnene juu, ndo ule unaokutisha kwenye picha.

Na hapo nikusahihishe jambo ambalo hata watoto huenda wamelishika vibaya, kwamba ngome ikiwa gofu basi ilipigwa na mizinga. Dinas Brân haikupigwa mzinga. Ilijengwa miaka ya 1260 hivi na Gruffudd ap Madog, mtawala wa Powys Fadog, ndani ya boma la udongo la zamani zaidi, la Zama za Chuma. Mwaka 1277 jeshi la Edward I mfalme wa Uingereza, likiongozwa na Henry de Lacy, linasogea, waliokuwa ndani wakaamua kuichoma wenyewe kuliko kumwachia adui. De Lacy alipoiona aliisifia sana kwa mfalme akataka itunzwe. Lakini baada ya vita vya 1282 eneo lile akapewa John de Warenne, na yeye akaona taabu ya nini kukaa juu ya upepo, akajenga ngome nyingine Holt, bondeni karibu na mto. Ya mlimani ikaachwa. Yaani kazi yote ile, handaki limechongwa kwenye mwamba mtupu upande wa kusini na mashariki na mawe yake yakatumika kujengea, halafu haikutumika hata miaka ishirini na mitano! Kilichofuata ni mvua, barafu na wezi wa mawe.

Wewe mtoto wa Tanga bila shaka magofu ya Tongoni unayajua. Chukua huo mfano uwaeleze watoto. Kule hakuna barafu na jiwe lake ni la matumbawe, chokaa yake imechomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, lakini msikiti ulipopoteza paa mambo yakawa yale yale, mvua kwa juu, mizizi kwenye viungo, hewa ya bahari, na zile nguzo za makaburi nyingi zimeshalala chini. Na mkubwa wako mwambie hivi: wakati Gruffudd anajenga Dinas Brân, Kilwa bado haikuwa na Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1300. Mafundi wa pande mbili za dunia ambao hawajuani, wote wanachoma chokaa na kujaza kifusi katikati ya nyuso mbili.

Tukirudi kwenye usalama, ukifika pale usome ukuta kabla hujausogelea. Tazama chini kwanza. Mawe yaliyolala kwenye nyasi yakiwa yameota kuvu na ukoga pande zote hayo yameanguka zamani, yaache. Ukikuta jiwe lina upande msafi, rangi yake mbichi, au kuna chembe za chokaa nyeupe zimemwagika juu ya majani mabichi, hilo limeanguka karibuni na wenzake wanaweza kulifuata, ondoka hapo. Halafu simama pembeni utazame uso wa ukuta kwa ubavu, kama umefanya kitambi, umevimba katikati, maana yake uso umeachana na kifusi cha ndani, usikae chini yake. Matao ya madirisha yanatisha kwa kutazama lakini tao likiwa zima mara nyingi ndo sehemu imara, mawe yanabanana kwa uzito wao wenyewe, yanayotia shaka ni tao lililokatika nusu. Ukikuta sehemu imezungushiwa uzio au bango hiyo msivuke, waliokuja kukagua wameona kitu ambacho wewe huwezi kukiona. Na msile chakula mmeegemea ukuta. Najua kuna upepo na ukuta unakinga, lakini kaeni hatua kadhaa mbali nao, upepo mtavumilia.

Kupanda juu ya kuta ni marufuku kwa watoto na baba yao pia, baba ndo naogopa zaidi kwa ajili ya picha. Sababu ziko mbili. Ya kwanza mawe ya juu kabisa ndo yaliyolegea kuliko yote, yamenyeshewa miaka yote hiyo na hayana uzito juu yake wa kuyabana, ukikanyaga moja linaondoka nawe au linamwangukia aliye chini. Ya pili ni zile nyasi utakazoziona zimeota juu ya kuta. Watu wanadhani ni uchafu. Zile ni kofia, zinazuia maji kuingia na zinakinga baridi, sisi siku hizi kuna kuta tunazipandia nyasi makusudi. Kiatu kimoja kikichimbua hapo, mvua imepata mlango.

Sasa miguu. Mlima wenyewe una kama mita 320 hivi juu ya usawa wa bahari na kutoka mjini mnapanda zaidi ya mita mia mbili. Mtu aliyekulia na Usambara kwa mbali anaweza kucheka, na hapo ndo watu wanavaa raba laini za mjini wanapanda. Mnavuka daraja la mawe juu ya mto Dee, mnapandisha mpaka kwenye mfereji, njia inapita jirani na shule, inaingia mashambani kwa mageti ya mbao, halafu mlima unakuwa mtupu, nyasi fupi na changarawe, na kipande cha mwisho ni mteremko mkali kwelikweli. Mtu mzima saa moja inatosha, na huyo wa miaka sita hesabuni na nusu saa ya juu, na mapumziko na hadithi. Kupanda watapanda vizuri tu. Kushuka ndo kazi, watoto wanapenda kukimbia mteremko, na majani makavu yaliyosagwa na viatu vya watu yanateleza kama yameloa. Mtu mzima ashuke mbele ya mtoto, sio nyuma, ili akiteleza kuna wa kumdaka.

Juu pale kitu cha kuangalia ni kingo. Lile handaki la kale bado lipo, kina chake ni kirefu na pande zake zimesimama, na upande wa kaskazini hawakuhitaji kuchimba kwa sababu mlima wenyewe unaporomoka. Mtoto akicheza mwizi-polisi kati ya kuta akakata kona moja kwa kasi yuko ukingoni. Wekeni mpaka mapema, mchezo ni ndani ya ua tu. Na upepo uheshimuni, bondeni kunaweza kuwa kumetulia kabisa na juu kofia zinaruka, koti hata kama ni kiangazi. Hakuna maji, hakuna choo, hakuna duka, malizeni hayo yote mjini. Mwezi wa nane jua linazama kati ya saa mbili na saa tatu usiku kwa hiyo muda mnao, ila mkinogewa mkataka kurudi Desemba mjue huko saa kumi jioni jua limeshazama.

Mkitaka kuswali adhuhuri hukohuko hakuna shida yoyote, chukueni udhu mjini au mbebe chupa ya ziada, kibla ni kusini mashariki, tafuteni sehemu ya ua ambayo kondoo hawajaacha alama zao. Mkeka mzito lakini, ule mwepesi utaufuata bondeni.

Ruhusa sasa. Kutokuwa na geti na tiketi hakumaanishi hakuna mwenyewe. Dinas Brân inalindwa kisheria kama jengo la kale na iko wazi kwa watu bure, mnaingia bila kumwomba mtu. Njia zinazopita mashambani ni njia za umma, mna haki ya kupita humo hata kama shamba ni la mtu, mfuate mishale tu na msikate kona. Ramani ya Ordnance Survey ya huko ni Explorer 256, njia zimechorwa kwa vistari vya kijani vilivyokatikakatika, inunueni hata kama mna simu, watoto wa miaka 11 wanapenda sana kupewa usimamizi wa ramani. Geti mkilikuta limefungwa lifungeni, mkilikuta wazi liacheni wazi, mwenye kondoo ana sababu zake. Mkikuta ng'ombe wana ndama msipite katikati yao, zungukeni mbali, ng'ombe wa huku hawana mchungaji karibu wa kumpigia kelele. Moto wa kuchomea mishkaki acheni kabisa, majani yale yakikauka ni petroli, mwaka 2018 mlima wa jirani, Llantysilio, uliungua wiki kadhaa.

Kuhusu mama. Nitasema wazi, magoti mabovu na Dinas Brân haviendani. Kuna njia nyingine fupi upande wa mashariki, inaanzia barabara ya Panorama, watu watakwambia hiyo ni rahisi, ni fupi kweli lakini mwishoni bado ni mwinuko na nafasi za kuegesha gari ni chache. Na goti haliumii sana kupanda, linaumia kushuka, kila hatua uzito wote wa mwili unatua juu yake likiwa limekunjwa, kwa hiyo anaweza kufika juu vizuri kabisa akakwama huko. Kama anatamani sana kutembea, kabla ya safari mpelekeni kwa mtaalamu wa viungo amwone akiwa amesimama na akitembea, mimi wa mawe siwezi kumpima mama mtu kwa maandishi.

Lakini angalia uzuri wa Llangollen. Kuna mfereji una njia tambarare pembeni yake, na kuna mashua zinazovutwa na farasi, kazi hiyo ipo pale tangu 1884, mama anakaa tu anavutwa taratibu. Halafu bondeni karibu na mji kuna magofu ya Valle Crucis, nyumba ya watawa iliyoanzishwa 1201 na Madog, baba yake huyohuyo Gruffudd aliyejenga ngome. Ni tambarare, inatunzwa na Cadw ambao ndo wanasimamia majengo ya kale ya Wales, na ukuta wa mbele wa kanisa bado umesimama mrefu na dirisha lake la duara. Mimi ningegawa familia, mmoja na watoto mlimani asubuhi, mmoja na mama kwenye mashua, mchana wote mkutane Valle Crucis. Na kama baada ya maelezo yote haya roho yako bado inakataa magofu, Chirk si mbali, ile ngome ya mwisho wa miaka ya 1200 haijabomoka hata kidogo, ina paa na fanicha, lakini ni ya kulipia na kwa mtoto wa miaka 11 anayetaka gofu nakwambia atanuna. Kama hamna gari, treni ya kutoka Birmingham kwenda upande wa Chester inasimama Ruabon, hapo mnapanda basi mpaka Llangollen.

Lile la wenyewe sitalibishia, mama ana elimu yake na mimi nina yangu. Hata magofu ya Gedi kule Kenya wenyeji wanasema yana wenyewe, na kusema kweli heshima hiyo imelinda mawe mengi kuliko mabango. Watu wa Wales nao wana lao, wanasema chini ya kilima hicho kumefichwa kinubi cha dhahabu na atakayekipata ni kijana mwenye mbwa mweupe mwenye jicho la fedha. Kwa hiyo someni dua zenu mkifika, msipige makelele kwenye kuta, msikojoe pembeni ya mnara, mshuke kabla ya magharibi. Mashariti ya mama na mashariti ya fundi chokaa ukiyaweka pamoja yanafanana karibu yote.

Na jiwe. Mwambie mkubwa kwamba lile jiwe analolitaka lina mwenyewe kisheria, kuchimba au kupita na kifaa cha kutafutia vyuma kwenye jengo linalolindwa bila kibali ni kosa kabisa, na hata lililolala chini lina kazi, tukija kurekebisha tunatafuta mawe yaleyale yarudi. Kama mnapanda mnaona jiwe limeanguka karibuni, piga picha, acha lilipo, uwajulishe halmashauri ya Denbighshire. Mpe daftari achore dirisha moja, akae nalo hapo chini mbali kidogo alitazame vizuri lilivyobanwa. Kuchora kutamtuliza kuliko jiwe.

Mambo yakiharibika: simu ni 999, omba polisi, halafu waambie unahitaji uokoaji wa mlimani, wale ni watu wanaojitolea na hawadai pesa. Filimbi nayo bebeni, milio sita ndani ya dakika moja, tulia dakika, rudia. Mguu ukiteguka na mtu hawezi kuukanyaga kabisa, au umekaa vibaya, au ulisikika ukilia kwa ndani, msimlazimishe kushuka, na hospitali yenye dharura ni Wrexham Maelor. Mtoto akigonga kichwa halafu akatapika, akalegea usingizi usio wa kawaida au akawa haeleweki, hiyo ni 999 hapohapo, msisubiri mpaka Birmingham.

Mkifika nyumbani, kabla ya kulala kagueni ngozi, nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, kwenye nywele za watoto na nyuma ya masikio. Kondoo na majani marefu maana yake kupe, na kupe wa huku wengine wana ugonjwa wa Lyme. Mkimkuta mbaneni kwa kibano karibu kabisa na ngozi mvute moja kwa moja juu taratibu, hakuna mafuta ya taa, hakuna kumchoma na kiberiti, mnamuudhi bure. Ukitokea wekundu unaotanuka mahali alipouma, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya nne ila unaweza kuchelewa hata miezi mitatu, au homa na uchovu usioeleweka, nenda kwa daktari wenu ana kwa ana na umwambie mlikuwa mlimani Wales tarehe fulani. Na mama naye mkumbushe amwambie hivyo hivyo daktari wake, maana mwezi wa tisa atakuwa ameshapanda ndege, na daktari wa Tanga akimwona na homa atawaza malaria kwanza.